Seva Zote Zimuulize Silvano

Jumatatu, 4 Agosti

Meneja mkuu mpya ameingia. Mama Hilda. Mrefu, miwani, hacheki ovyo. Bwana Abbasi tulimuaga Ijumaa kwa keki na soda, akalia kidogo. Mimi nikalia zaidi yake ili nionekane. Leo naona machozi yale yalikuwa hasara tupu.

Habari kubwa: kiti cha Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA kiko wazi tangu Petro ahamie Mwanza. Mama Hilda ametangaza kikaoni kwamba atachagua mmoja kati ya sisi wawili tuliobaki kitengoni, mimi na Swaumu, msimu wa zabibu ukishafunguliwa. Nikatazama dari kwa unyenyekevu. Swaumu akaendelea kuandika. Mtoto wa Kondoa yule, kila kitu anaandika.

Nikaona nisilaze damu. Nikasimama, nikamweleza Mama kwamba ushirika wetu wa wakulima wa zabibu una kanzidata kuu, ghala la kumbukumbu zote: nani kaleta mzigo, kilo ngapi, kituo gani. Nikaeleza kwamba kwa heshima, mimi Silvano huipa kanzidata hiyo jina la meneja aliyepo. Enzi za Bwana Marko iliitwa MARKO. Akaja Bwana Abbasi, ikawa ABBASI, naye alifurahi mpaka akaniruhusu niende harusini siku ya kazi. Kuanzia wiki hii itaitwa HILDA.

Mama akafungua daftari lake. Akaandika kitu. Nachukulia ni dalili nzuri.

Swaumu akauliza, kwa ile sauti yake ya upole, jina hilo linabadilishwa sehemu ngapi. Nikasema ni kazi ndogo. Si kweli. Tuna seva hapa makao makuu, mtaa wa Kikuyu, na nyingine kwenye kila kituo cha kupokelea zabibu: Zuzu, Buigiri, Hombolo. Kila seva ina faili lake la majina, linaloiambia programu ya mizani kwamba ukitaka kanzidata fulani, pita anwani fulani. Mafaili hayo niliyaandika mimi, kila moja kwa hali niliyokuwa nayo siku ile. Zuzu ni BWANA_ABBASI. Buigiri ni MHESHIMIWA_ABBASI. Hombolo bado ni MARKO, kwa sababu kituo kile kina mbwa.

Jumanne, 5 Agosti

Zuzu kwa bodaboda. Upepo, vumbi, meno yamejaa mchanga. Nikafungua faili la majina, nikafuta BWANA_ABBASI, nikaandika HILDA. Nikajipongeza.

Nikapita kwa baba mkwe, Mzee Daudi, ambaye shamba lake liko nyuma ya kituo. Nikamwamkia, akanikaribisha kwa salamu ya Kigogo, mbukwenyi ya kuvuta, akanionyesha mizabibu yake. Zabibu zimeiva mpaka zinang'aa. Akasema atavuna alfajiri ya Nane Nane na kuzileta mizani siku hiyohiyo, maana zabibu iliyokatwa haijui kungoja. Nikamwambia asiwe na shaka, mitambo yote iko mikononi mwa mkwe wake. Akaitikia kwa kikohozi.

Sijafika hata nusu ya njia ya kurudi, simu. Karani wa mizani wa Zuzu, binti anayeitwa Brightness, akasema mizani imegoma. Inaitafuta BWANA_ABBASI na haimwoni. Nilikuwa nimebadilisha jina kwenye faili lakini programu yenyewe hakuna aliyeiambia. Nikageuza bodaboda. Nilipofika nikakuta mizani inafanya kazi. Swaumu, akiwa ameketi kitini kwake Kikuyu na kikombe cha chai, alishamwelekeza Brightness kwa simu arudishe jina la zamani.

Nikala vumbi mara ya pili bila sababu.

Mbaya zaidi ilinisubiri ofisini. Swaumu amemwendea Mama Hilda kwenye korido na wazo. Kwamba badala ya kila seva kuwa na faili lake, faili liwe moja tu, mahali pamoja, na seva zote zisome hapo. Kanzidata ikihamishwa, unabadilisha mstari mmoja na vituo vyote vinajua. Na majina yatokane na kazi, si watu: MIZANI, MALIPO, WAKULIMA.

Ni wazo zuri. Nimelipindua kila upande nikitafuta kasoro na sijaipata. Nimekosa hamu ya kula.

Jumatano, 6 Agosti

Hamu ya kula imerudi. Nimeliiba wazo.

Niliwahi ofisini kuliko mfagizi. Nikaandika pendekezo la kurasa kadhaa, lenye mchoro, liitwalo Mfumo wa Silvano wa Majina ya Pamoja. Mama Hilda alipoingia tu akalikuta mezani, limebanwa vizuri, juu yake kishada cha zabibu. Sehemu ya majina ya kazi niliiacha. Nani apandishwe cheo kwa sababu ya neno MIZANI?

Kabla ya chai tukaitwa wote wawili. Mama akasema amefurahi kuona kitengo chake kina wazo moja. Akasema tulitekeleze pamoja, likamilike kabla ya Nane Nane, kwa sababu siku hiyo tuna banda kwenye maonyesho ya Nzuguni na anataka wageni waone kwenye skrini kubwa zabibu zikipimwa vituoni wakati uleule. Neno pamoja lilinichoma. Swaumu alijua nimemwibia. Alinitazama tu, kisha akanisogezea sahani ya vitumbua. Mtu wa namna hii ni hatari.

Lakini mimi si mjinga. Nikauliza kwa wepesi faili hilo moja litakaa kwenye mashine ipi, na kabla hajajibu mtu nikajitolea kompyuta iliyo chini ya meza yangu. Mama akakubali. Nikatoka nikitembea kwa vidole. Hebu fikiria. Zuzu haiwezi kupima kishada bila kupita miguuni mwangu. Mwenye majina ndiye mwenye ushirika. Hata wakimpa Swaumu kiti, ufunguo ninao mimi.

Swaumu akashauri kila kituo kibaki na nakala ya faili, ili siku mashine yangu isipopatikana kazi isilale. Nikamwambia basi hapatakuwa mahali pamoja tena, na pendekezo langu litakuwa limeharibika. Akasema sawa kaka Silvano, ila iandikwe kwenye muhtasari kwamba alishauri. Ikaandikwa. Iandikwe, karatasi haina mdomo.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo tumezunguka vituo vyote na pikapu ya ushirika. Niliketi mbele.

Kazi yenyewe rahisi. Kila kituo tunaiambia programu ya mizani itafute HILDA, tunafuta faili la zamani, tunaweka amri moja: ukitaka jina lolote, muulize SILVANO. Ndilo jina nililoipa kompyuta ya chini ya meza yangu. Swaumu alipendekeza iitwe MAJINA. Nikamwambia haina ladha.

Ili kila kitu kiwe mahali pamoja kweli, niliandika anwani zote ndani ya faili kuu. Ya HILDA imo. Ya seva ya malipo imo. Hata ya SILVANO mwenyewe imo. Sikuacha kitu nje. Usafi mtupu.

Zuzu ikakubali mara moja. Buigiri ikakubali. Pale Buigiri Swaumu akataka tuache walau nakala ndogo, nikaifuta mbele yake kwa kidole kimoja ili aone. Hombolo nilibaki garini, vioo nimevipandisha. Mbwa alikuwa amelala akielekea upande wangu. Swaumu akaingia peke yake, akakaa kidogo, akatoka akisema tayari.

Njiani kurudi akaniuliza swali la ajabu. Seva ikizimwa na kuwashwa upya, itajuaje SILVANO yuko wapi. Nikasema itauliza. Akasema itamuuliza nani. Nikasema SILVANO. Akasema sasa hivi zinafanya kazi kwa sababu tumezitajia anwani kwa mkono na zinaikumbuka, ila zikilala zitasahau. Nikamwambia joto limemzidi. Tukasimama Chamwino tukala mishikaki. Nililipia, maana mshindi hana budi kuwa mkarimu.

Jioni nimejaribu vituo vyote kutoka mezani kwangu. Vyote vinaitika. Nimejitazama kwenye kioo cha msalani nikajipa mkono.

Lydia nyumbani kapika ugali wa uwele na mlenda. Nikamwambia mke wangu, unakula na mkuu wa kitengo. Akaniuliza kama barua imetoka. Wanawake hupenda sana karatasi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Naandika haya nimejifungia chumbani.

Asubuhi ilikuwa yangu. Nzuguni imejaa watu, ng'ombe wamepambwa, matrekta yanang'aa, banda letu lina maua na skrini kubwa kama mlango. Nimevaa suti, na kifuani kibandiko cha jina: SILVANO. Mama Hilda akawaeleza wageni kwamba wanachokiona ni zabibu halisi zinazopimwa Zuzu dakika hii. Namba zikawa zinapanda. Watu wakapiga makofi. Mimi nikainama kidogo, kama mtu anayetafuta kalamu.

Kisha umeme ukakatika na kurudi. Kupepesa tu. Mjini, Zuzu, Buigiri, kote. Kila mashine ikazimika na kuwaka.

Skrini yetu ikawaka pia. Kwa herufi nyekundu, kubwa, ikaandika: SILVANO HAJULIKANI ALIPO.

Wageni wakaisoma. Kisha wakasoma kifua changu. Bibi mmoja mkulima wa Mpunguzi, mwenye nia njema kabisa, akainua mkono na kusema mnayemtafuta si huyu hapa. Banda zima likaangua kicheko. Nikacheka nao. Sikuwa na pengine pa kwenda.

Halafu nikaelewa, na kicheko kikanikauka. Seva zote zilikuwa zimesahau. Zote zilikuwa zinataka kumuuliza SILVANO, na anwani ya SILVANO iko kwa SILVANO. Anwani yenyewe siikumbuki. Niliiandika mahali pamoja tu. Kompyuta iko chini ya meza Kikuyu, mlango nimeufunga, ufunguo ninao mfukoni, na barabara ya kutoka Nzuguni imesongamana magari na ng'ombe.

Simu ya Brightness. Mizani ya Zuzu imekufa. Foleni imefika barabarani, na wakulima hawakubali kushusha mzigo bila risiti ya mizani, na hapo wana haki. Jua limepanda, zabibu zimo kwenye makreti juani. Nikauliza kwa sauti ndogo nani yuko mbele kwenye foleni. Akasema mzee mmoja anaitwa Daudi, anasema mitambo iko mikononi mwa mkwe wake.

Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Msimu mzima wa mzee umo kwenye makreti yale. Mbolea, maji ya kununua kwa pipa, mgongo wake. Nilitaka kukimbia kwa miguu mpaka Zuzu nizifunike zabibu zile kwa koti la suti.

Ndipo Swaumu akaja nyuma yangu na simu sikioni. Akasema tulia kaka, Hombolo inafanya kazi. Nikauliza vipi. Akasema jana nilipojifungia garini kwa kumwogopa mbwa, yeye aliacha nakala ya faili. Umeme uliporudi tu, kituo kile kiliendelea kupima. Karani wa Hombolo akamsomea anwani ya SILVANO kwa simu, yeye akamsomea Brightness, Brightness akaandika kwa mkono. Kisha Buigiri. Kisha skrini yetu. Wageni walikuwa hawajamaliza juisi zao namba zikaanza kupanda tena.

Mama Hilda aliniomba tu nibandue kibandiko.

Jumamosi, 9 Agosti

Baba mkwe kaja. Lydia kaniambia nitoke chumbani, nisipotoka atamleta humohumo.

Shikamoo baba. Marahaba. Akakaa, akanywa maji. Nikataka kupiga magoti. Akasema zabibu za makreti ya juu zililegea kwa jua, zikakataliwa daraja la kwanza, akawagawia watu wa foleni wazile wakati wanangoja. Yaliyobaki yakapimwa salama. Akasema watu wote wa Zuzu sasa wanajua zabibu zake ni tamu, hata wale waliokuwa wakibisha. Alisema hivyo ili nisiumie, nami nikaumia zaidi. Nikamwahidi kwamba Jumamosi ijayo nitakwenda shambani kupogoa naye. Akasema nisijisumbue, mizabibu imeshapata taabu ya kutosha.

Kisha akataka nimweleze nini hasa kilitokea. Nikaeleza. Faili, anwani, HILDA, kabla yake ABBASI. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye ng'ombe wake huwaita kwa rangi. Mweupe, Mwekundu, Madoa. Hajawahi kumwita ng'ombe kwa jina la mwenyekiti wa kijiji, maana wenyeviti hubadilika na ng'ombe hatageuka ukimwita kwa jina jipya.

Lydia alicheka mpaka akakaa chini. Nikaahidi mbele yao wote kwamba nimejifunza.

Jumatatu, 11 Agosti

Kikao. Swaumu ndiye Mkuu wa Kitengo.

Nilijiandaa kwa hasira lakini haikuja vizuri. Mama Hilda alisoma muhtasari wa Jumatano, ule niliosema karatasi haina mdomo. Ulikuwa na mdomo. Kisha akamuuliza Swaumu kama kitengo kinanihitaji bado. Pale moyo ulinidunda mpaka tai ikatikisika. Nina mke, nina kodi ya nyumba, na nje ya seva hizi sijui kazi nyingine yoyote.

Swaumu angeweza kunimaliza kwa neno moja. Akasema pendekezo la maandishi lilikuwa langu, mchoro ulikuwa mzuri, na hakuna mtu anayejua njia za vituo vyote kama mimi. Akaomba nibaki, niwe mtunzaji wa faili kuu. Masharti yake ni matatu tu. Majina yawe ya kazi. Kila kituo kiwe na nakala, inayojisasisha yenyewe kutoka faili kuu. Na badiliko lolote litazamwe na watu wawili kabla ya kuwekwa.

Nikatoka nje nikasimama karibu na tangi la maji. Ningependa angenichukia, ningejua pa kumweka. Nilipomshukuru akasema basi tu kaka, tufanye kazi, msimu huu mrefu.

Mchana tumebadilisha yote pamoja, kwenye faili na kwenye programu za mizani za kila kituo. HILDA imekufa, imezaliwa MIZANI. SILVANO sasa anaitwa MAJINA. Nilimwangalia akifutika. Haikuuma sana.

Jumatano, 13 Agosti

Siku njema kuliko zote. Mfumo unakwenda kama maji. Zuzu inapima, Buigiri inapima, Hombolo inapima. Nimekaa na faili kuu mbele yangu nikastaajabu jinsi lilivyo zuri. Zamani badiliko dogo lilinigharimu bodaboda na vumbi la kila kituo. Sasa mstari mmoja tu, na nakala za vituo vyote zinabadilika zenyewe kufumba na kufumbua. Swaumu ana akili. Nakiri humu, ambamo hakuna anayesoma.

Nimekuwa nikiwaza nimlipe vipi. Kitenge? Lydia atauliza maswali. Kuku? Hajaniambia kama anafuga. Halafu, nikiwa nimeweka kidole kwenye kitufe, zawadi ikajileta yenyewe.

Nimefuta MIZANI. Nimeandika SWAUMU.

Najua sharti la watu wawili. Lakini mtu wa pili ni yeye mwenyewe, na ni zawadi gani huonyeshwa mwenye kupewa kabla haijafungwa? Na hili si kama yale ya Bwana Abbasi. Yale yalikuwa kujipendekeza. Hili linatoka moyoni.

Nimebonyeza. Vituo vyote vimepokea papo hapo. Hakuna bodaboda, hakuna mbwa.

Simu inaita. Ni Swaumu. Ameshaiona, na sauti ya mtu aliyeguswa hutaka kusikilizwa kwa utulivu, kwa hiyo namalizia kwanza sentensi hii. Naona Brightness wa Zuzu naye anapiga. Sasa Buigiri. Sasa Mama Hilda. Sasa Hombolo, ambao hata sikujua wana namba yangu. Ushirika mzima unataka kumpongeza.